Je, Yesu wa Nazareti Aliishi Kweli? Somo la Kupima Ushahidi

Muhula uliopita, katika chama chetu cha majadiliano, mwanafunzi mmoja wa madarasa ya chini alisimama akauliza kwa sauti ndogo: "Tunajuaje kama Yesu aliishi kweli, wala si mtu wa hadithi tu?" Baadhi yetu waliguna, wengine wakamcheka, na mmoja akamwambia akae kitako. Mimi nilisimama kwa majivuno. Nilikuwa na karatasi niliyoinakili zamani na kuibandika ukutani juu ya kitanda changu. Ilikuwa barua ya Publius Lentulus, ambaye yasemekana alikuwa liwali wa Uyahudi, akiieleza baraza kuu ya Rumi sura ya Yesu, nywele zake, ndevu zake na macho yake. Niliisoma yote kwa sauti kubwa. Watu wakapiga makofi, na yule kijana akaketi.

Baadaye mwalimu wetu wa historia aliniita, akaniuliza jambo moja tu: "Huyo Lentulus ni nani, na ni nani mwingine amtajaye?" Nilikwenda maktabani kumtafuta, nikarudi mikono mitupu. Barua ile ni ya kughushi. Katika siku zile hapakuwa na liwali wa Uyahudi mwenye jina hilo. Kwa zaidi ya miaka 1,000 hakuna mwandishi aliyeitaja. Tena maneno yake si ya Mrumi mpagani, bali ni ya Mkristo aliyejifanya Mrumi. Mtaalamu wa Italia, Lorenzo Valla, aliikataa tangu karne ya 15. Kwa hiyo nilimnyamazisha mwenzangu kwa uongo, ingawa sikujua kuwa ni uongo. Makala hii ndiyo jibu lililonipasa kumpa siku ile.

KANUNI ZA BARAZA

Wazee wanapokaa barazani kukata shauri la mpaka wa shamba, hawamsadiki shahidi kwa sababu maneno yake yanapendeza. Humwuliza: Ulikuwa wapi? Uliona mwenyewe au uliambiwa? Wapata faida gani ukisema hivyo? Tena huwatenga mashahidi, kila mmoja aseme peke yake, wasije wakapatana. Mtaalamu wa historia hufanya vivyo hivyo, isipokuwa mashahidi wake wamekwisha kufa, nao wamemwachia maandishi na mawe tu.

Basi na tushike kanuni nne. Ya kwanza, shahidi aliye karibu na jambo, kwa miaka na kwa mahali, ni bora kuliko aliye mbali. Ya pili, mashahidi wawili wasiojuana ni bora kuliko kumi waliosoma kitabu kimoja. Ya tatu, mwamba ngoma huvutia kwake: neno linalomfaidi msemaji lipimwe mara mbili, na neno linalomtia msemaji aibu lina uzito zaidi. Ya nne, neno lililosemwa kwa kupita tu, msemaji akiwa na shughuli nyingine, mara nyingi huaminika kuliko neno lililopambwa ili litusadikishe.

Iko methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yafaa kumtahadharisha mtu, lakini haifai kuwa kanuni ya historia. Ndiyo iliyonipoteza mimi.

SHAHIDI WA KWANZA: PAULO

Wengi wetu hudhani kwamba maandishi ya kwanza ya Kikristo ni Injili nne. Sivyo. Nyaraka za Paulo zilitangulia. Wataalamu wengi huziweka karibu na miaka ya 50 B.K., na kifo cha Yesu huwekwa mwaka 30 au 33. Yaani ni miaka 20 hivi tu iliyopita katikati. Wengi waliokuwapo walikuwa wangali hai, nao wangeweza kumkanusha.

Katika Waraka kwa Wagalatia Paulo anajitetea. Wapinzani wake walimwona kuwa mtume wa chini, aliyepokea habari zake kwa wakubwa wa Yerusalemu. Yeye akakana. Alisema kwamba alikwenda Yerusalemu baada ya miaka mitatu, akakaa na Kefa, ndiye Petro, kwa siku 15, wala hakumwona mtume mwingine ila Yakobo, ndugu yake Bwana. Hapo hapo akaapa kwamba hasemi uongo.

Tazameni vema jambo hili. Paulo hakukusudia kutuhakikishia kwamba Yesu aliishi, maana hakuna aliyemwuliza hilo. Alitaka kuonyesha kwamba hakuonana na wakubwa wengi. Kumtaja Yakobo kulipunguza nguvu ya hoja yake mwenyewe, lakini alimtaja kwa sababu hakuweza kumficha. Hapa kanuni ya tatu na ya nne zinakutana.

Wako wasemao kwamba maneno "ndugu yake Bwana" ni jina la heshima tu, kama waumini waitanavyo ndugu. Sisi tunaosema Kiswahili twajua sana jinsi neno ndugu linavyotanuka: ndugu wa tumbo moja, ndugu wa ukoo, ndugu wa dini, hata mtu unayesafiri naye katika basi. Hoja hiyo basi si ya kudharau. Lakini Kefa naye alikuwa muumini, tena mkubwa. Mbona hakuitwa hivyo? Na katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo awataja ndugu zake Bwana mbali na mitume wengine na mbali na Kefa. Yaonekana hao walikuwa watu wa jamaa. Wakatoliki husema ni jamaa wa karibu, na Waprotestanti wengi husema ni wana wa mama mmoja. Shauri hilo tuliache. Kwa swali letu yatosha kusema kwamba mtu wa hadithi hana ndugu ambaye waweza kubisha hodi nyumbani kwake.

SHAHIDI WA PILI: JOSEPHUS

Josephus alikuwa Myahudi wa ukoo wa makuhani, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 37 hivi. Hakuwa Mkristo. Kitabu chake kikubwa cha mambo ya kale ya Wayahudi alikimaliza Rumi mwaka 93 au 94. Ndani yake Yesu anatajwa mahali pawili, na mahali hapo pawili ni lazima tupapime mbali mbali.

Mahali pa kwanza pana maneno matamu sana. Pasema wazi kwamba Yesu alikuwa ndiye Kristo na kwamba alifufuka siku ya tatu. Mkristo akisoma hapo hufurahi. Lakini tukumbuke mwamba ngoma. Myahudi aliyeamini maneno hayo angekuwa Mkristo, na Josephus hakuwa. Tena Origen, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 3, aliyekisoma kitabu hicho, asema kwamba Josephus hakumsadiki Yesu kuwa Kristo. Basi yaelekea maneno yale, jinsi tulivyo nayo leo, yametiwa mkono na mnakili Mkristo. Wataalamu wengi huona kwamba chini ya nyongeza hizo lipo neno fupi la Josephus mwenyewe. Wengine hulikataa lote. Kwa hiyo mimi sitalitegemea.

Mahali pa pili ni tofauti. Hapo Josephus aeleza kisa cha mwaka 62. Liwali Festo alikuwa amekufa, na liwali mpya, Albinus, alikuwa njiani bado. Katika nafasi hiyo kuhani mkuu Ananus akaita baraza, akawashtaki watu kadha wa kadha, wakapigwa kwa mawe. Mmoja wao alikuwa Yakobo, ndugu yake Yesu aitwaye Kristo. Watu wenye kuishika sheria wakanung'unika, na Ananus akaondolewa katika ukuhani.

Hapa hapana sifa wala ufufuo. Shabaha ya Josephus ni kosa la Ananus. Yakobo atajwa kwa kupita, na Yesu atajwa ili tujue ni Yakobo yupi, maana jina hilo lilikuwa la watu wengi. Mwaka ule Josephus alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, na Yerusalemu ndio mji wake. Na tazameni: Yakobo huyu ndiye yule yule aliyeonana na Paulo. Mmoja ni Mkristo aliyekuwa akigombana na Wakristo wenzake. Mwingine ni Myahudi aliyekuwa akimlaumu kuhani. Hawakupatana, lakini wametufikisha kwenye nyumba moja.

SHAHIDI WA TATU: TACITUS

Tacitus alikuwa Mrumi mwenye cheo. Aliandika karibu na mwaka 116 habari za moto mkubwa ulioteketeza Rumi mwaka 64, siku za Kaisari Nero. Asema kwamba Nero aliwasingizia Wakristo, na kwamba jina lao latokana na Kristo, aliyeuawa na Pontio Pilato katika enzi ya Kaisari Tiberio. Tacitus aliwachukia Wakristo na kuiona dini yao kuwa ushirikina mbaya. Hakuwa na sababu ya kuwasaidia.

Lakini haki ni haki hata kwa shahidi anayetupendeza. Tacitus aliandika miaka kama 80 baadaye, wala hasemi alipata wapi habari hiyo. Yawezekana aliipata kwa Wakristo wenyewe. Tena alimpa Pilato cheo kisichokuwa chake. Twajuaje? Mwaka 1961, katika magofu ya mji wa Kaisaria kando ya bahari, wachimbaji wa Italia waliona jiwe lililokuwa limetumiwa kama ngazi katika uwanja wa michezo ya kuigiza. Juu yake palikuwa na maandishi ya Kilatini yenye jina la Pilato, yakimwita "praefectus" wa Uyahudi. Tacitus yeye alimwita "procurator", cheo kilichotumika baadaye. Kwa hiyo huenda hakunakili katika daftari za serikali.

Jiwe hilo linatufundisha jambo jingine. Limethibitisha kwamba Pilato aliishi na kutawala. Halikuthibitisha kwamba Yesu aliishi. Kila kielelezo kina neno lake, nasi tusikilazimishe kusema neno la mwenzake. Vivyo hivyo barua ya liwali Plinius kwa Kaisari Trajan, ya mwaka 112 hivi, yaeleza kwamba Wakristo wa Bithinia, katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, walikutana alfajiri wakamwimbia Kristo. Hiyo yathibitisha waumini. Yeye waliyemwimbia hatuwezi kumthibitisha kwa wimbo peke yake.

INJILI NA KANUNI YA AIBU

Injili ziliandikwa na waumini, miaka kama 40 hadi 70 baada ya mambo yenyewe. Je, kwa sababu hiyo tuzitupe? La. Mwana akimsifu baba yake barazani, hatumfukuzi. Twamsikiliza, na zaidi twasikiliza pale anapokiri neno asilolipenda.

Mfano ni ubatizo. Yohana aliwabatiza watu kwa toba, na mwenye kubatiza huonekana mkubwa kuliko abatizwaye. Marko, ambaye wengi humwona wa kwanza kuandika, asimulia bila kusitasita kwamba Yohana alimbatiza Yesu. Katika Mathayo, Yohana kwanza asita, ndipo akubali. Katika Injili ya Yohana ubatizo wenyewe hausimuliwi kabisa. Waona jinsi jambo hilo lilivyowawasha. Mtu hatungi hadithi kisha akahangaika kuifunika.

Mfano mwingine ni Nazareti. Mathayo na Luka wote wasema kwamba Yesu alizaliwa Bethlehemu, mji wa Daudi, lakini kila mmoja ana njia yake ya kumfikisha Nazareti, kijiji ambacho Agano la Kale halikitaji hata mara moja. Kama Yesu angalikuwa mtu wa kutungwa, mtungaji angalimwacha Bethlehemu, yakaisha. Nazareti yaelekea imebaki kwa sababu watu walijua kwamba ndiko alikotoka.

Na mfano mkubwa ni msalaba. Kusulibiwa kulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Paulo mwenyewe akiri kwamba jambo hilo liliwakwaza Wayahudi na kuwa upuzi kwa watu wa mataifa. Nani angebuni mkombozi wa namna hiyo, kisha atembee mji kwa mji akichekwa?

HOJA YA KIMYA

Wako wataalamu waliosema kwamba Yesu hakuwako kabisa. Bruno Bauer wa Ujerumani alifikia neno hilo katika karne ya 19, na Arthur Drews alitoa kitabu chake mwaka 1909. Hoja yao kubwa ni kimya. Philo, Myahudi mwenye elimu wa Aleksandria, aliishi siku zile zile, akaandika hata ukali wa Pilato, lakini hakumtaja Yesu.

Hoja hii yataka jibu, wala si matusi. Jibu ni kwamba kimya kina uzito pale tu ambapo tulitazamia mtu aseme. Je, tulitazamia bwana mkubwa wa Misri aandike habari za fundi seremala wa Galilaya? Josephus asema kwamba baada ya kufa Herode Mkuu, mwaka 4 K.K., jemadari Varus aliwasulibisha watu 2,000 hivi. Majina yao yako wapi? Na mwaka 1968, karibu na Yerusalemu, ilipatikana mifupa ya mwanamume katika sanduku la mawe, na msumari ungali umekwama katika kisigino chake. Jina lake, Yehohanan, limechorwa juu ya sanduku. Hakuna kitabu kinachomtaja. Kimya cha vitabu hakikumzuia kuishi, wala hakikumwokoa na msumari.

Mmoja wa waliowajibu watu hawa ni Albert Schweitzer. Naye hakuwa mtu wa kusadiki kila kitu, maana alipinga mengi yaliyofundishwa makanisani. Lakini mwaka 1913 alitoa tena kitabu chake juu ya uchunguzi wa maisha ya Yesu, akiongeza majibu kwa wale waliokana kwamba Yesu aliishi. Mwaka huo huo alisafiri kwenda Lambaréné, Gaboni, kuanzisha hospitali.

YA KUTUPA

Kabla ya hukumu tufagie ua. Barua ya Lentulus, itupwe. Sanda ya Turin, ambayo watu wengi huiheshimu, ilipimwa mwaka 1988 na maabara tatu, nazo zilitoa jibu kwamba kitani chake ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Mabishano yangaliko, lakini shahidi wa namna hiyo hawezi kubeba shauri hili. Sanduku la mifupa lililotangazwa mwaka 2002, lenye maneno Yakobo mwana wa Yusufu ndugu wa Yesu, lilitoka kwa mkusanyaji wa vitu vya kale, si mikononi mwa wachimbaji, na maandishi yake yalishukiwa. Mwaka 2012 mahakama ya Israeli ilimwachilia mwenyewe kwa mashtaka ya kughushi, lakini haikusema kwamba maandishi ni ya kweli. Basi nalo likae kando.

Tumetupa vingi, na vingi katika hivyo vilikuwa vya upande wetu. Je, tumebaki maskini? Hasha. Tumebaki na vichache vilivyo vigumu kuvunja.

HUKUMU

Historia haihakikishi kama hesabu; yenyewe hupima lipi laelekea zaidi. Kwa mizani hiyo naona yatupasa kusema hivi: aliishi Myahudi wa Galilaya, jina lake Yesu, aliyebatizwa na Yohana, akafundisha, akakusanya wafuasi, akawa na ndugu aitwaye Yakobo, akasulibiwa kwa amri ya Pilato, aliyetawala Uyahudi kati ya mwaka 26 na 36. Wataalamu walio wengi sana, Wakristo, Wayahudi na wasio na dini, wanakubaliana hapo. Bart Ehrman wa Marekani, ambaye aliiacha imani ya Kikristo, alitoa kitabu kizima mwaka 2012 kuonyesha kwamba Yesu aliishi. Yeye hakuwa na ngoma ya kuivutia kwake.

Mbele ya hapo mizani ya historia inasimama. Yaweza kusema kwamba mapema sana wafuasi wake walisadiki kwamba amefufuka, maana Paulo ashuhudia. Haiwezi kuweka ufufuo wenyewe juu ya sahani. Mizani ya kupimia kahawa haipimi urefu wa kitambaa. Si kwamba kitambaa hakina urefu. Mimi ni Mkristo, nami nasadiki, lakini nisimwambie mtu kwamba nimethibitisha kwa historia neno nililolipokea kwa imani.

Baada ya kuandika haya nilimtafuta yule kijana, nikamkuta anafua nguo zake. Nilimwambia kwamba barua niliyosoma ni ya uongo na kwamba nimekosa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, nami nilikuwa nimekwisha kuinakili." Nilishtuka, maana ndivyo uongo unavyosafiri: kwa mikono ya watu wenye nia njema. Tulikwenda pamoja, akaileta nakala yake, tukaandika juu ya karatasi zote mbili kwa wino mwekundu: SI YA KWELI. Yangu nimeitia ndani ya daftari la historia.

Nanyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni, wengi wenu sasa ni walimu na wazazi. Akisimama mtoto akauliza swali kama lile, msimcheke. Na kama hamna jibu, mwambieni angoje kesho, mkatafute.